Magurudumu Makubwa Kwenye Gari la Mbio: Fahari Yake na Hatari Zake

Mtu asimamaye kando ya barabara kuu mjini Mbarara jioni ya Jumamosi hapati taabu kuyatambua magari ya vijana. Huyasikia kabla ya kuyaona. Mengi ni Subaru Impreza na magari mengine madogo yenye nguvu, yaliyoletwa yakiwa yametumika huko Japani. Jambo la kwanza ambalo mwenyewe hulibadilisha, hata kabla ya kulifahamu gari lake vema, ni magurudumu. Rimu za kiwandani huvuliwa, zikavishwa nyingine pana, ndefu na zenye kung'aa.

Tamaa hiyo ina asili yake. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya akiendesha Subaru Impreza, na miaka miwili baadaye Charles Muhangi wa Uganda akawa bingwa wa Afrika wa mbio za magari. Mbarara yenyewe imekwisha kuandaa mashindano ya mbio hizo, na vumbi lake limewaingia vijana wengi moyoni. Hata hivyo, gari la mashindano ni jambo moja, na gari lipelekalo watoto shuleni na mgonjwa hospitalini ni jambo jingine. Kwa kuwa askari wengi na jamaa zao hununua magari ya namna hii kwa akiba ya miaka kadhaa, inafaa jambo hili lielezwe kwa utaratibu.

KUSOMA NAMBA ZA TAIRI

Kila tairi limeandikwa ubavuni habari zake zote. Tuseme tairi la kiwandani limeandikwa 205/55R16 91V. Namba 205 ni upana wake kwa milimita. Namba 55 maana yake ni kwamba kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 55 ya upana huo, yaani kiasi cha milimita 113. Namba 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 huonyesha uzito ambao tairi moja laweza kuubeba, nao ni kilo 615. Herufi V huonyesha mwendo wa mwisho ambao tairi liliundwa kuuhimili, yaani kilomita 240 kwa saa.

Zipo pia tarakimu nne za tarehe. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno mazuri ya kupendeza na bado likawa limezeeka na kukauka. Mnunuzi wa tairi lililotumika asiyesoma tarakimu hizo hununua asichokijua.

NJIA MBILI ZA KUKOSEA

Yuko mtu anayekuza kila kitu pamoja. Huondoa 205/55R16 na kuweka 225/55R17. Kwa macho, tofauti ni ndogo. Kwa hesabu, kipenyo cha gurudumu zima kimepanda kutoka milimita 632 hadi 679, nacho kimeongezeka kwa asilimia 7 na nusu. Hapo awali gurudumu lilipozunguka mara moja gari lilikwenda karibu mita 1.99, sasa linakwenda mita 2.13. Kipima mwendo hakina habari ya mabadiliko hayo. Kikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda 86. Dereva akisimamishwa na askari wa usalama barabarani huapa kwamba hakuzidisha mwendo, naye kwa nafsi yake hasemi uongo. Gari lake ndilo lililomdanganya. Aidha, kipimo kikimwambia kwamba amekwenda kilomita 5,000 na sasa abadilishe oili, kwa kweli amekwisha kwenda 5,375.

Lililo zito zaidi ni breki. Diski na pedi zimebaki zile zile, lakini sasa zinalazimika kulizuia gurudumu refu zaidi. Kwa mkanyago ule ule wa mguu, nguvu ya kulisimamisha gari hupungua kwa karibu asilimia 7. Mtoto akikatiza barabara ghafula, upungufu huo waweza kuwa ndio tofauti baina ya kumkosa na kumgonga.

Yuko na mtu wa pili, ambaye fundi amemshauri vizuri kidogo. Huyu huweka 225/40R18, na kipenyo chote kinakuwa milimita 637, karibu sawa na cha kiwandani. Kipima mwendo hakidanganyi sana. Lakini rimu imekuwa kubwa na mpira umekuwa mwembamba: ubavu uliokuwa na milimita 113 sasa una 90. Mpira huo ndio mto wa gari. Ukipungua, shimo ambalo zamani lilimezwa na tairi sasa hupiga rimu yenyewe, na mshindo hupita hadi kwenye shokapu, beringi na viungo vya usukani. Tena baadhi ya matairi ya saizi hiyo huwa na namba 88, yaani kilo 560 kila moja. Kwa matairi manne ya namna hiyo, gari limepoteza uwezo wa kubeba kilo 220.

BARABARA YA NAKIVALE

Hesabu hizo zaweza kuonekana kama mambo ya darasani mpaka mtu aelekee kusini mashariki mwa Mbarara, katika wilaya ya Isingiro, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958, na leo wanaishi humo watu waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara, na kwa hiyo maduka, karakana na magari ya abiria si mambo mageni. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao, na fundi aliyetoka Bukavu huweza kuelewana na askari wa Uganda bila mkalimani.

Toka lami ya barabara ya Mbarara na Kikagati, njia za kuingia makazini ni za moramu. Kiangazi ni vumbi, mawe na matuta madogo madogo. Masika ni matope na mifereji iliyochimbwa na maji. Katika njia kama hizo rimu ya inchi 18 yenye mpira mwembamba haina maisha marefu. Hupinda, hupasuka ukingoni, na upepo huanza kutoka polepole bila dereva kujua. Sasa fikirini gari hilo limekodiwa usiku kumpeleka mama mwenye uchungu wa uzazi katika hospitali ya rufaa ya Mbarara, watu watano ndani na mizigo nyuma. Hapo uzuri wa rimu hauna msaada wowote.

Wanamashindano wenyewe wanalijua jambo hili. Katika mbio za dunia za magari, kwenye barabara za changarawe hutumika rimu za inchi 15 zenye mpira mnene. Zile za inchi 18 huwekwa kwenye lami tu. Basi kijana anayeweka inchi 18 ili afanane na mwanamashindano na kisha kwenda nayo Nakivale, kwa kweli amefanya kinyume cha yule anayemwiga.

RIMU IKAE MAHALI PAKE

Hata saizi ikiwa sawa, rimu si kofia ya kuvaliwa na kila kichwa. Impreza nyingi za zamani zina boliti tano zilizopangwa katika duara la milimita 100, hali Toyota Mark II ina tano katika duara la milimita 114.3. Fundi anayelazimisha moja iingie katika nyingine anatengeneza ajali. Tundu la katikati nalo lina kipimo: Subaru nyingi huwa na milimita 56.1, lakini rimu nyingi za kununua madukani huwa na tundu kubwa kuliko hilo. Nafasi inayobaki huhitaji pete ya kuijaza. Bila pete hiyo, usukani waweza kutetemeka gari likishika mwendo.

Nati pia hutofautiana. Rimu nyingi za aloi za asili za Toyota hutumia nati zenye kikalio bapa, na rimu nyingi za madukani huhitaji nati zenye ncha ya mteremko. Nati isiyo yake haikai sawasawa, hulegea safarini. Kuhusu vipande vya chuma vinavyowekwa ili kulisukuma gurudumu nje ya bodi, hivyo huzidishia beringi mzigo, na tairi laweza kukwaruza madigadi gari likiwa na abiria wengi.

MASHAURI KWA WENYE MAGARI

Kabla ya kununua, soma kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva, chenye saizi na upepo unaotakiwa. Tofauti ya kipenyo chote isizidi asilimia 3. Namba ya uzito isiwe chini ya ile ya kiwandani. Baada ya kufunga, zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, gari likiwa na watu, usikilize kama kuna kinachogusa. Nati zikazwe kwa kuvukana, si kwa kufuatana, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Gurudumu la akiba nalo liwe la kipenyo kile kile. Rimu za kiwandani zisiuzwe; zifungwe guniani na kuhifadhiwa, kwani safari ya Nakivale huenda ikazihitaji.

Na katika nyumba, shauri hili liwe la watu wawili. Bei ya rimu nne na matairi yake yaweza kulipa breki mpya, shokapu mpya na karo ya mtoto. Askari anajua kwamba buti kubwa kuliko mguu halimfikishi mtu mbali, hata likipigwa rangi likang'aa namna gani. Gari nalo lina mguu wake. Livishwe buti linalolitosha.