Wiki ya Babu na Nyanya: Dawa za Wazee Katika Nyumba Yenye Watoto

Mama uliye jikoni, dada unayesuka makuti, nawe unayelea mtoto wa mwenzio, sogea karibu na redio. Leo nitawasimulia wiki moja ya wazee wawili wa upande wa Msambweni. Wameniruhusu nieleze, ila majina yao nimeyaweka kando.

Babu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na sasa amestaafu. Ana ugonjwa wa sukari. Nyanya ni mama karanga: hununua samaki pwani, akawakaanga na kuwauza. Yeye ana presha. Wanaishi na mjukuu wa miaka miwili, kwa kuwa mama yake anafanya kazi hotelini Diani na hurudi nyumbani siku za mapumziko tu. Nyumba za namna hii ni nyingi kwetu Kwale. Tunasema mzee amestaafu, anapumzika. Je, kweli anapumzika? Hebu tufuatane nao.

JUMATATU. Alfajiri Babu huenda shambani kupalilia mihogo na kunde. Kutembea na kulima ni mazoezi mazuri kwa mwenye sukari na mwenye presha. Lakini Babu alikuwa na mazoea ya kwenda peku, na vilevile kuondoka bila kula huku amekwisha kumeza dawa yake. Hayo mawili ni hatari. Mguu wa mwenye sukari unaweza kuchomwa na mwiba asihisi, kidonda kikaoza. Na dawa ya sukari bila chakula inaweza kuishusha sukari mwilini kupita kiasi: mtu akatetemeka, akatoka jasho, akaanguka shambani peke yake. Siku hizi Babu huvaa viatu vya mpira, hula kwanza, na akirudi Nyanya humtazama nyayo.

JUMANNE. Hii ndiyo siku yao ya kliniki. Nyanya alipimwa presha ikawa 170 juu na 100 chini. Kipimo kikifika 140 juu au 90 chini, na kikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya kutibiwa. Nikamwuliza, "Nyanya, dawa unameza?" Akacheka. "Mwanangu, nameza nikiumwa na kichwa." Msikilizaji, hapa ndipo wengi tunapokosea. Dawa ya presha si dawa ya kichwa. Presha inaweza kupanda mtu akiwa hasikii lolote, na kesho ikamletea kiharusi. Humezwa kila siku, ukijisikia mzima na usipojisikia, na haiachwi mpaka umezungumza na mhudumu wa afya.

Siku hiyohiyo niligundua jambo jingine. Magoti yakimwuma, Nyanya hununua dawa za maumivu dukani. Baadhi ya dawa hizo hupandisha presha na kuumiza figo zikitumiwa mfululizo. Kabla hujamnunulia mzee dawa ya viungo, mwulize kwanza muuguzi au daktari.

Kama wazee wako hawajaandikishwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, wasaidie. Kitambulisho na simu vinatosha kuanzia.

JUMATANO. Nyanya hushuka pwani kungoja mashua. Akirudi, ni moto, karai la mafuta na moshi mpaka jioni, mjukuu akicheza kando. Samaki ni chakula chema. Chumvi ndiyo ya kuangaliwa. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo ndani ya ng'onda na papa mkavu. Nyanya sasa huroweka ng'onda, akamwaga yale maji, na mchuzi huungwa kwa ndimu, kitunguu thomu na nazi kiasi. Pembeni pana mchicha au mchunga. Naye mtoto awekwe mbali na karai. Mafuta ya moto hayana huruma.

ALHAMISI. Hapa nawaomba mnisikilize sana.

Nyanya alikuwa ameketi mkekani akisuka makuti, mjukuu mapajani. Mnajua sisi wanawake wa pwani, pindo la leso ndiyo benki yetu. Ndimo tunamofunga shilingi, funguo, na Nyanya alifunga humo dawa zake na za Babu pia. Alizitoa katika bahasha za kliniki ili ziwe karibu naye kila aendako, asisahau kama zamani. Nia yake ilikuwa njema.

Mtoto alilifungua lile fundo. Nyanya aligutuka kuona vidonge vyeupe vimetawanyika mkekani na mtoto anatafuna. Alimtoa kimoja kinywani. Je, alikuwa amemeza vingine? Hakujua, kwa sababu hakuwa na idadi.

Jirani mmoja akasema apewe maziwa. Mwingine akasema atiwe kidole atapike. Nyanya hakumsikiliza yeyote. Alimpigia simu mhamasishaji wa afya wa kijiji chao, akapanda bodaboda na mtoto hadi hospitali. Kule akaulizwa, "Ni dawa gani?" Alikuwa na vidonge viwili vitatu mkononi, vyote vyeupe, bila jina. Muda ukapita mpaka mhamasishaji alipowasili na bahasha na vitabu vya kliniki. Kumbe ilikuwa dawa ya sukari ya Babu. Mtoto alikwisha kuanza kusinzia na kutoka jasho. Alipochomwa kidole kupimwa, sukari yake ilikuwa chini. Akawekewa maji ya sukari kwa mshipa, akalazwa.

Kidonge kimoja tu cha sukari cha mtu mzima kinaweza kumtia mtoto mdogo hatarini. Tena dawa hiyo haiishi mwilini upesi. Mtoto anaweza kuamka, akacheka, akaomba uji, kisha sukari ikashuka tena saa kadhaa baadaye. Ndiyo maana hulazwa na kupimwa mara kwa mara usiku kucha hata akionekana mzima.

IJUMAA. Babu aliswali msikitini akaenda moja kwa moja hospitalini. Alimkuta binti yake, mama wa mtoto, amefika kutoka Diani akiwa bado na sare ya kazi. Alikuwa na hasira. Alisema, "Nitamchukua mwanangu. Heri nimlipe msichana wa kazi." Nyanya hakujibu. Aliinama tu akishika pindo la leso lililokuwa tupu. Nilimpima presha palepale: 190 juu, 110 chini. Tangu asubuhi ya jana hakuwa amekula, wala hakuwa amemeza dawa.

Nilimwita yule binti kando. Nikamwuliza, "Mamako humeza dawa saa ngapi?" Hakujua. "Babako je, ana vidonge vya aina ngapi?" Hakujua. "Nyumbani kuna mahali pa kufungia kitu mtoto asifike?" Akanyamaza. Nikamwambia, dada yangu, wewe humwachia mamako mtoto, na haki yako ni mtoto awe salama. Lakini mamako pia ni mgonjwa anayehitaji kuangaliwa. Kazi ya kulea umempa. Na yeye, nani anamlea?

JUMAMOSI. Mtoto aliruhusiwa kurudi nyumbani. Binti hakumchukua. Badala yake alipitia soko la Ukunda akanunua kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza na kufuli dogo. Babu aligongomea sanduku ukutani, juu kuliko mkono wa mtoto hata akipanda kiti, mbali na meko na jua, kwa kuwa joto na unyevu huharibu dawa. Kila dawa ilirudishwa katika bahasha yake. Juu ya bahasha ya Babu walichora jembe: dawa ya kabla ya shamba, pamoja na chakula. Juu ya ya Nyanya walichora samaki. Nyanya hasomi, lakini tangu siku hiyo hajakosea.

JUMAPILI. Binti alirudi kazini. Kila asubuhi saa moja hupiga simu, na neno lake la kwanza si "Mtoto hajambo?" Ni "Mama, umemeza?"

Sasa, mpenzi msikilizaji, chukua haya uyaweke moyoni.

Kwanza, dawa zote zikae katika bahasha au chupa yake yenye jina, ndani ya kitu kinachofungwa, mahali pa juu. Zisikae kwenye pindo la leso, chini ya mto wala ndani ya kikapu. Mtoto asiambiwe kwamba dawa ni peremende.

Pili, mtoto akimeza dawa, mtoe iliyobaki kinywani. Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Mkimbize hospitali hata kama anacheza, na uchukue bahasha au chupa ya dawa hiyo. Ikiwa una hakika ni dawa ya sukari na mtoto yu macho na anameza vizuri, mpe maji ya sukari mkiwa njiani. Akilegea au akizimia, usimpe kitu kwa mdomo. Mlaze ubavu na mwende upesi.

Tatu, hakuna kuazimana dawa. Ya Babu si ya Nyanya, hata zikifanana rangi.

Nne, zijue dalili za kiharusi: uso umekwenda upande mmoja, mkono au mguu mmoja umelegea, maneno hayatoki sawasawa. Ukiona hata moja, usimkande wala usingoje kuche. Mpeleke hospitali saa ileile, na mkumbuke dalili zilianza saa ngapi, maana daktari atauliza.

Tano, mwite mhamasishaji wa afya wa kijiji chako awapime wazee presha na sukari nyumbani. Wengi wao wamepewa vifaa vya kupimia tangu 2023.

Sita, mpunguzie mzee mzigo. Ukija siku yako ya mapumziko, chota maji, pasua kuni, msindikize kliniki. Mwache alale mchana mmoja bila mtoto mgongoni.

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Leo naongeza: na anayemwachia mzee mwana, asimwache mzee peke yake. Leo ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, shika pindo la leso la mama yako. Ukikuta kidonge, kitoe, kisha mtafute mahali pa juu pa kukiweka.

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Tukutane wiki ijayo, saa kama hii. Kwaherini, na afya njema.