Behewa Kuukuu Si Takataka

Tangu reli ya kisasa ianze kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, wengi wetu huliona behewa la zamani kuwa chuma chakavu tu. Mimi nasema, ngojeni kwanza! Hebu twende hadi Wales, sehemu ya milima magharibi mwa Uingereza, tuone watu wanaotengeneza mabehewa ya mizigo bila kulipwa hata senti.

Huko kuna reli iitwayo Ffestiniog. Ilifunguliwa mwaka 1836 ili kuteremsha mawe bapa ya kuezekea nyumba kutoka milimani hadi bandari ya Porthmadog. Ajabu ni kwamba kwa miaka 27 haikuwa na injini. Njia ilijengwa kwa mteremko wa taratibu, basi mabehewa yaliyojaa mawe yalishuka kwa uzito wake yenyewe, huku watu wa breki wakiwa juu yake kupunguza mwendo. Na farasi je? Lo! Walipanda behewa lao, wakateremka kama abiria, kisha wakayavuta mabehewa matupu kurudi juu. Injini za mvuke zilianza kazi mwaka 1863.

Reli hiyo ilifungwa mwaka 1946, mabehewa yakaachiwa mvua na kutu. Mwaka 1954 wapenzi wa reli walianza kuifufua, na kazi ya kujitolea inaendelea hadi leo.

Kazi yenyewe hufanywaje? Kwanza, behewa hupimwa na kupigwa picha kabla ya kufunguliwa, ili kila kipande kirudi mahali pake. Pili, kutu hukwanguliwa mpaka chuma kizima kionekane. Tatu, mbao zilizooza hung'olewa, lakini iliyo nzima haiguswi. Ukibadilisha kila kitu, je, hilo bado ni behewa lile lile? Ndiyo maana fundi hubadilisha tu kile kisichoweza kuokolewa. Kisha magurudumu hutiwa grisi na breki hujaribiwa. Rangi huja mwisho.

Breki hizo si mchezo. Kuna siku za maonyesho ambapo msururu wa mabehewa hayo huteremka bila injini, kama zamani. Breki ikikataa, patakuwa na balaa! Kwa hivyo wazee huwafundisha vijana kwa mikono, maana ujuzi huu ukizikwa nao, behewa litabaki sanamu tu.

Matunda yameonekana. Mwaka 2021 UNESCO iliitia reli hiyo, pamoja na machimbo yake, katika orodha ya urithi wa dunia.

Sisi nasi tunayo Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Tukienda ziara, tusikimbilie injini kubwa pekee. Injini husifiwa, lakini mizigo ndiyo iliyoleta pesa. Tuyatazame mabehewa pia, tuwaulize wazee waliofanya kazi relini wangali hai. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.