Kutoka Kasongo Hadi Kabambare: Karibu kwa Ndege, Mbali kwa Miguu

Mwulize mwanafunzi wa Kasongo, "Kabambare ni mbali kiasi gani?" Ataitazama ramani, atapima kwa kidole, naye atajibu kwamba si mbali. Mwulize mchuuzi aliyesukuma baiskeli yenye mizigo njia nzima. Huyo atacheka kwanza. Wote wawili husema kweli, ila kila mmoja ana kipimo chake.

Tuanze na kipimo cha ramani. Kasongo iko penye digrii 26 na dakika 40 za longitudo ya Mashariki. Kabambare iko penye digrii 27 na dakika 43. Karibu na ikweta digrii moja ni kilomita 111 hivi. Basi Kabambare iko kilomita 116 hivi mashariki ya Kasongo, tena kilomita 28 upande wa kusini. Enyi wanafunzi, chukueni kanuni ya Pythagoras, nanyi mtaona kwamba mstari ulionyoka kati ya miji hii miwili ni karibu kilomita 120.

Ndege ndogo iendayo kilomita 240 kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa nusu saa. Ongezeni dakika chache za kupaa na kutua: bado chakula kilichoachwa jikoni hakijaiva! Wala msafiri hana haja ya kugeuza saa yake, kwa kuwa miji yote miwili hufuata saa za mashariki ya Kongo, zilizotangulia saa za Kinshasa kwa saa moja.

Lakini ndege hufuata mstari, na mtu hufuata njia. Njia huzunguka kilima, hutafuta kivuko, hukwepa matope. Mtu hodari aendaye kilomita 30 kila siku angehitaji siku nne hata kama njia ingenyoka kama uzi, nayo hainyoki.

Watu wa kale waliyajua hayo. David Livingstone alifika Kabambare mwezi wa Septemba 1869. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimlaza huko majuma mengi. Alipoondoka Februari 1871 kwenda Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, alitumia majuma sita, ijapokuwa kwa mstari hazifiki kilomita 200. Stanley naye alipita Kabambare mwaka 1876, na mwezi wa Oktoba akakutana na Tippu Tip katika nchi ya Kasongo. Misafara ya pembe na ya watumwa iliikanyaga nchi hiyo hiyo, na wengi waliofungwa minyororo hawakurudi kwao.

Siku hizi minyororo haipo, lakini umbali ungali na bei yake. Barabara ikiharibika, chumvi na sabuni hupanda bei, na mchele wa mkulima huozea ghalani. Mama aliyeshikwa na uchungu mgumu wa uzazi hahesabu kilomita; huhesabu saa. Kwake daraja lililovunjika ni refu kuliko safari nzima.

Kwa hiyo, wazazi na vijana, mkiitwa kuzibua mfereji au kutengeneza daraja la kijiji, msiseme, "Hiyo ni kazi ya serikali peke yake." Serikali ina wajibu wake, nasi tuna wetu. Kilomita haziwezi kupunguzwa na mtu yeyote. Saa zaweza kupunguzwa, na katika saa hizo mna uhai wa watu.