Gari Likizimika Katika Maji ya Mafuriko, Lisiwashwe Tena

Mvua kubwa zinaponyesha jijini Dar es Salaam, kipande cha Barabara ya Morogoro kinachopita Jangwani huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kufungwa. Maji ya Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, huungana na yale yanayotiririka kutoka mitaa ya juu, na Jangwani ndipo bonde linapotanuka kabla ya kufika baharini. Askari wa usalama barabarani huzuia magari pande zote mbili, foleni hurefuka, na baadhi ya madereva huanza kutafuta vichochoro vya kupitia ambavyo navyo vimekwisha kujaa maji. Wengi huvuka. Wengine magari yao huzimika katikati, na jambo la kwanza wanalolifanya ni kuzungusha ufunguo ili injini iwake tena.

Mara nyingi kitendo hicho ndicho kinachoiua injini. Gari lililozimika majini huenda bado lina injini nzima, iliyolowa nyaya tu au iliyoingiwa na maji machache katika njia ya hewa. Iwapo litaachwa lilivyo mpaka lifike kwa fundi, mmiliki anaweza kuishia kulipia oili, machujio na kazi ya siku moja au mbili. Likiwashwa, anaweza kujikuta akitafuta injini nyingine.

Sababu yake imo katika namna injini inavyofanya kazi. Injini huvuta hewa, huichanganya na mafuta, huishindilia ndani ya silinda na kisha huichoma. Tuchukue gari dogo la petroli lenye silinda nne na ukubwa wa CC 1,500. Kila silinda huvuta takriban mililita 375 za hewa, kisha pistoni hupanda na kuibana hadi ibaki katika nafasi ya mililita 40 hivi. Hewa hukubali kubanwa kiasi hicho, lakini maji hayakubali. Yakiingia maji yanayozidi nafasi hiyo, yaani kiasi kisichojaza hata kikombe kidogo cha kahawa ya vibarazani, pistoni haiwezi kufika juu. Kitu kimoja lazima kishindwe, na kwa kawaida kinachoshindwa ni ule mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na mhimili wa injini, ambao mafundi huuita konrodi. Hupinda, na wakati mwingine hukatika.

Starta peke yake huzungusha injini polepole, na mara nyingine hugota tu kwa mlio mmoja mzito. Hatari kubwa huja pale silinda zisizo na maji zinapofanikiwa kuwaka: nguvu yao yote huisukuma ile iliyojaa maji. Kwa sababu hiyo, kulisukuma gari la gia za mkono ili liwake hakuna nafuu yoyote kuliko kutumia ufunguo.

Wapo wanaoamini kwamba magari makubwa ya dizeli hayana tatizo hili. Ukweli ni kinyume. Injini ya dizeli hushindilia hewa zaidi ya ile ya petroli, hivyo nafasi inayobaki juu ya pistoni huwa finyu ikilinganishwa na ukubwa wa silinda. Injini ya dizeli ya CC 3,000 yenye silinda nne huwa na nafasi inayokaribiana na ya gari dogo la petroli. Isitoshe, dizeli haitegemei plagi. Gari la petroli likilowa nyaya za plagi linaweza kuzimika mapema, jambo ambalo humkera dereva lakini huiokoa injini. Dizeli huendelea kunguruma hadi maji yenyewe yaisimamishe.

Maji huingilia wapi? Hayaingii kupitia bomba la moshi kama wengi wanavyodhani, maadamu injini inaendelea kuwaka na kusukuma moshi nje. Huingia kwa mbele, kupitia mdomo wa njia ya hewa unaoelekea kwenye chujio. Katika magari mengi madogo mdomo huo umefichwa nyuma ya taa au nyuma ya wavu wa mbele, na katika baadhi yake uko chini zaidi. Injini ya CC 1,500 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huweza kuvuta karibu lita 2,000 kwa dakika hiyo, sawa na mapipa kumi. Mdomo wenye mvuto wa kiasi hicho ukizama kwa sekunde moja tu, maji hayahitaji mwaliko.

Ndiyo maana kina cha maji si kipimo pekee. Dereva anayeingia kwa kasi husukuma wimbi mbele ya gari, na wimbi hilo hupanda juu ya boneti hata pale ambapo maji yaliyotulia yangefika nusu ya gurudumu. Basi au lori linalopishana naye hufanya vivyo hivyo. Feni ya kupoza injini nayo, ikigusa maji, huyarusha kila upande. Aidha, yapo magari ya kisasa ambayo injini hujizima yenyewe gari linaposimama na kujiwasha mguu unapoondoka kwenye breki. Mfumo huo ni mzuri katika foleni, lakini katika maji unaweza kufanya kosa lilelile ambalo dereva ameonywa asilifanye, na una swichi ya kuuzima.

Kabla ya kuifikiria injini, uhai hutangulia. Takriban sentimita 30 za maji yaendayo kasi hutosha kuyabeba magari mengi madogo, na sentimita 60 huweza kuyabeba hata magari marefu ya aina ya pikapu. Mwaka 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge mwezi Aprili kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 nchini. Gari likizimika na maji yakaendelea kupanda, abiria washuke mapema, wakati milango bado inafunguka, na waelekee sehemu ya juu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Gari litasubiri.

Maji yakiwa yametulia na gari limeondolewa, ufunguo uzimwe kabisa na waya wa betri uchomolewe. Gari livutwe bila kuwekwa gia. Kwa magari mengi ya otomatiki ni salama zaidi magurudumu yanayoendeshwa na injini yanyanyuliwe. Gereji, hatua ya kwanza ya fundi makini ni kufungua boksi la chujio la hewa. Chujio likiwa kavu, habari ni njema. Likiwa limelowa, plagi zote hutolewa, na injini huzungushwa taratibu ili maji yatokee kwenye matundu yake badala ya kubanwa ndani. Kwa dizeli kazi hii ni ndefu kidogo, kwani hulazimu kutoa nozeli au plagi za kupasha joto.

Kisha hutazamwa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na oili ya namna hiyo haiwezi kulinda chuma kisisagane na chuma. Humwagwa, huwekwa mpya pamoja na chujio lake, injini huwashwa kwa muda mfupi, na oili hiyo nayo hubadilishwa. Mmiliki anaweza kuona ni hasara kumwaga oili iliyotumika kwa dakika chache, lakini ndiyo iliyosafisha mabaki ya maji. Oili ya gia ikaguliwe pia: gia boksi na difu zilizopata joto la safari zikitumbukia ghafla katika maji ya baridi hunywea na kuvuta maji kupitia matundu yake ya kupumulia. Dosari hii haionekani siku ileile.

Kuchelewa nako kuna gharama. Maji yaliyobaki ndani ya silinda huanza kutia kutu kwa muda mfupi, na maji ya chumvi hufanya hivyo upesi zaidi. Gari lililofunikwa turubai uani kwa wiki tatu likisubiri fedha za fundi linaweza kuharibika pale pale uani.

Upo pia udanganyifu wa injini iliyowaka tena na kuonekana nzima. Konrodi iliyopinda kidogo huweza kuendelea kufanya kazi kwa wiki au miezi, ikiwa na mtikisiko au mgongo mdogo ambao dereva huuzoea, hadi siku inapokatika na kutoboa ukuta wa injini barabarani. Kipimo cha mgandamizo wa kila silinda huibua dosari ya namna hiyo mapema, na mmiliki ana haki ya kukiomba.

Kuhusu bima, ile inayolazimishwa kisheria, ambayo wengi huiita bima ndogo, hulipa madhara waliyopata watu wengine. Haimtengenezei mmiliki gari lake mwenyewe. Bima kubwa inaweza kugharamia mafuriko, lakini masharti hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na ni busara kuyasoma kabla ya masika. Swali ambalo mkaguzi wa bima huweza kuuliza ni kama injini iliharibiwa na maji au na juhudi za kuiwasha baada ya maji. Picha za gari likiwa bado mahali lilipozimika, taarifa ya mapema kwa kampuni na ufunguo ambao haukuguswa ndiyo majibu yanayosaidia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za mvua kubwa kwa ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kwa anayeishi bondeni, taarifa hizo ni za kuhamisha gari usiku huo, si asubuhi. Likifikwa na maji likiwa limeegeshwa na kuzimwa, lina bahati zaidi kuliko lililozimikia barabarani, kwa kuwa injini yake haikuwa ikivuta chochote na huenda hakuna konrodi hata moja iliyoguswa. Nyingi ya injini hizo huharibika siku ya pili, maji yakisha kupungua, mwenye gari anapoingia na kuliwasha ili aone kama ni zima.