Wimbi Lililopinduliwa na Sikio la Msikilizaji

Sauti inayosafiri hewani ni mfuatano wa migandamizo na mitanuko, kwa maana kwamba chembe za hewa husongamana kisha huachana, na kanieneo ya hewa hupanda na kushuka kuzunguka kiwango chake cha kawaida. Maikrofoni hugeuza kupanda na kushuka huko kuwa volti chanya na volti hasi, na spika huzigeuza tena volti hizo kuwa mwendo wa koni kwenda mbele na kurudi nyuma. Iwapo mgandamizo uliokifikia kiwambo cha maikrofoni unatoka kwenye spika ukiwa mgandamizo vilevile, husemwa kwamba polariti halisi ya sauti imehifadhiwa; lakini iwapo nyaya mbili zimebadilishana mahali popote njiani, mgandamizo hutoka ukiwa mtanuko na wimbi zima huwa limepinduliwa juu chini. Swali lililowagawa wataalamu wa sauti kwa miongo mingi ni kama sikio la binadamu linaweza kutambua kwamba wimbi limepinduliwa.

Swali hilo halina budi kutenganishwa na jingine linalokaribiana nalo. Spika mbili za stirio zinapounganishwa kinyume, moja ikisukuma hewa wakati nyingine inaivuta, besi hupungua sana kwa sababu mawimbi yake marefu hufutana, na sauti ya mwimbaji iliyopaswa kusikika katikati hutawanyika hata isijulikane inatoka wapi. Hilo ni kosa la polariti linganishi, na karibu kila msikilizaji hulisikia mara anapoonyeshwa. Polariti halisi huhusu hali ambayo spika zote zimepinduliwa kwa pamoja, hivyo hakuna kinachofutana, na tofauti pekee inayobaki ni mwelekeo wa wimbi lenyewe.

Kwa muda mrefu jibu lililokubalika lilikuwa kwamba tofauti hiyo haisikiki. Mwaka 1843 mwanafizikia wa Ujerumani Georg Simon Ohm alipendekeza kwamba sikio huichambua sauti changamano katika toni sahili zinazoiunda, na mwaka 1863 Hermann von Helmholtz akaliendeleza wazo hilo kwa kufundisha kwamba kinachoamua ubora wa sauti ni nguvu za toni hizo, wala si fezi zake, yaani nafasi ya kila toni katika mzunguko wake ikilinganishwa na nyingine. Kulipindua wimbi huigeuza kila toni kwa nusu mzunguko bila kugusa nguvu yake, kwa hiyo, kwa hoja hiyo, sikio lisingekuwa na cha kutambua. Kuhusu toni moja sahili, hoja hiyo haina kasoro, kwa kuwa pande mbili za wimbi lake zinalingana kabisa, na likipindulika huwa ni wimbi lilelile lililoanza nusu mzunguko baadaye.

Hata hivyo, sauti nyingi za maisha hazina ulinganifu huo. Nyuzi za sauti kooni hufunguka taratibu na kujifunga ghafla, na midomo ya mpiga tarumbeta hukatiza hewa kwa namna ya mapigo, kwa hiyo mawimbi ya sauti hizo huweza kuwa na vilele virefu upande mmoja na mabonde mafupi upande wa pili. Mawimbi ya namna hiyo yanapoingia katika koklea, yaani mfereji wa sikio la ndani wenye umbo la konokono, hukutana na seli zenye vinywele ambazo huchochewa vinywele vinapopinda upande mmoja na kutulizwa vinapopinda upande wa pili. Katika masafa ya chini ya takriban hezi 4,000, neva ya usikivu huelekea kutuma ishara zake zaidi katika nusu moja ya mzunguko kuliko nyingine. Madaktari wanaopima mwitikio wa shina la ubongo kwa milio mifupi hulazimika kuzingatia kama mlio umeanza kwa mgandamizo au kwa mtanuko, kwa kuwa mawimbi ya umeme yanayorekodiwa kichwani yanaweza kutofautiana. Sikio, basi, lina njia ya kupokea taarifa ya polariti. Linalobaki ni kujua kama taarifa hiyo hufika katika utambuzi.

Majaribio ya usikivu yamejibu kwa masharti. Mwaka 1982 Stanley Lipshitz, Mark Pocock na John Vanderkooy walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mabadiliko ya fezi, pamoja na kupinduliwa kwa polariti, husikika kwa ishara zilizochaguliwa vizuri, kwamba hedifoni huyafichua zaidi kuliko spika, na kwamba katika muziki wa kawaida ni vigumu kuyatambua. Mwaka 1994 watafiti Greiner na Melton nao waliona kwamba mawimbi sahili yasiyo na ulinganifu huonyesha tofauti, ilhali muziki wenye ala nyingi huificha. Sababu haziko mbali: kuta za chumba hurudisha mwangwi unaovuruga fezi kabla sauti haijamfikia msikilizaji, na ala nyingi zikichanganyika hulifanya wimbi la jumla likaribie ulinganifu.

Upo pia mtego unaoweza kumpotosha mtafiti makini. Koni ya spika haiendi mbele na kurudi nyuma kwa wepesi ulio sawa, hasa inapolazimishwa kusogea sana, na kwa hiyo wimbi lisilo na ulinganifu hupotoshwa kwa namna moja likiwa wima na kwa namna nyingine likiwa limepinduliwa. Msikilizaji anaweza kusikia tofauti ya kweli, lakini akawa amesikia udhaifu wa spika. Aidha, jaribio halina thamani ikiwa msikilizaji, au anayemsimamia, anajua kilichounganishwa. Na hata pasipo kujua, anayebahatisha katika raundi 16 ana nafasi isiyofika 4 kati ya 100 ya kupatia 12 au zaidi, kwa hiyo majibu machache sahihi hayathibitishi kitu.

Suala gumu zaidi ni kujua ipi ndiyo polariti ya asili. Ngoma inapopigwa, ngozi hukimbia kutoka upande wa mpigaji, hivyo aliye upande huo hupokea mtanuko kwanza, ilhali aliye upande wa pili hupokea mgandamizo. Ndiyo maana fundi anayeweka maikrofoni juu na chini ya ngoma moja kwa kawaida hulazimika kuigeuza polariti ya mojawapo. Rekodi ya studio iliyokusanywa kutoka maikrofoni nyingi inaweza kubeba waimbaji na ala zenye polariti tofauti, na swichi ya kupindua iliyo kwenye amplifaya ya nyumbani haiwezi kuzirekebisha zote kwa pamoja.

Hapo ndipo ulipo umuhimu wa kanuni. Chama cha Wahandisi wa Sauti kilitoa mwaka 1995 pendekezo la AES26, linalotaka polariti ihifadhiwe katika kila hatua, mgandamizo kwenye maikrofoni uwe volti chanya na volti chanya iwe mgandamizo kwenye spika. Na fundi anaweza kuikagua spika ya besi kwa betri ya volti 1.5, kwa kugusisha chanya ya betri kwenye kituo chekundu na hasi kwenye cheusi kwa muda mfupi na kuangalia kama koni inasogea mbele. Kazi hiyo ndogo haiwezi kuachiwa usikivu, kwa sababu sikio, hata katika mazingira bora ya hedifoni na sauti ya mtu mmoja, huweza kutambua kwamba mawimbi mawili hayafanani, lakini halina kipimo cha kuamua ni lipi kati yake lililotoka kinywani mwa mwimbaji. Ushahidi wa hilo hubaki kwenye nyaya, na anayezishika ndiye mwenye wajibu wa kuutunza.