Samaki Walipokufa Mto Mara: Habari Ilitueleza Nini?



Mwezi Machi 2022 wakazi wa kando ya Mto Mara, upande wa Tanzania, waliona maji yamekuwa meusi, yananuka, na samaki wanaelea wamekufa. Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, nayo ikaeleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza majini, si sumu ya migodini. Kilichofuata wengi tunakikumbuka: kejeli mitandaoni. Ng'ombe wapo Mara tangu enzi za mababu, watu walisema, iweje mkojo wao uue samaki leo?

Hatuandiki ili kuamua nani alikuwa sahihi. Kinachotuhusu ni swali lile la wananchi, maana lilikuwa swali zuri na lilistahili jibu. Habari nyingi tulizosoma ziliishia kwenye pande mbili: viongozi wamesema hivi, wananchi hawakubali. Basi msomaji akabaki kuchagua wa kumwamini. Aristotle anafundisha kwamba tunakijua kitu pale tunapojua sababu yake, na hapo ndipo taarifa za mazingira hupungukiwa mara nyingi. Tunapewa tukio, hatupewi sababu.

Na sababu ilielezeka hata redioni, kwa dakika mbili. Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini. Kinyesi na majani vinapooza, vijidudu vinavyoviozesha hutumia oksijeni hiyo hiyo. Uchafu ukiwa kidogo, mto hujisafisha. Ukiingia mwingi kwa mara moja, kwa mfano mvua inaposomba uliorundikana kiangazi kizima na kuuingiza kwenye mafunjo ambako maji huenda taratibu, oksijeni huisha na samaki hukosa pumzi. Wanaweza kufa hivyo bila sumu yoyote. Sumu nayo huua, bila shaka. Ndiyo maana mwananchi aliyeelezwa haya huuliza maswali makali zaidi: oksijeni ilipimwa wapi, siku gani? Zebaki na sianidi zilipimwa? Majibu yako wapi tuyasome? Kiongozi anaweza kuipuuza kejeli, lakini maswali kama hayo humlazimu kujibu.

Kuna ugumu mwingine. Mto huu huanzia kwenye msitu wa Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na Serengeti, kisha humwaga maji Ziwa Victoria. Msitu wa Mau umekatwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na mti mmoja unaoanguka hauna picha ya kusisimua kama samaki elfu waliokufa. Mhariri anayetafuta kichwa cha habari cha leo hana nafasi ya jambo lililochukua miaka thelathini. Hatumlaumu sana, gazeti nalo lazima liuzwe.

Papa Fransisko aligusa jambo jingine katika Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 49: wataalamu na vyombo vya habari wengi hukaa mijini, mbali na maskini, wala hawakutani nao moja kwa moja. Mto Mara unalithibitisha hilo. Waandishi walifika samaki walipokufa, wakaondoka maji yalipotulia. Mama anayechota maji pale alibaki, naye alihitaji kuambiwa kama ni salama kuyanywa. Redio zetu za Kikanisa na matangazo ya parokiani (yale marefu, baada ya Komunyo) yanawafikia watu ambao gazeti haliwafikii. Yangeweza kubeba taarifa hiyo.

Kila tarehe 15 Septemba Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara, na kamera siku hiyo hazikosekani. Mvua za vuli huja baadaye kidogo, wakati uchafu wa kiangazi ungali ukingoni. Huo ndio wakati wa mwandishi kurudi mtoni na kuuliza vipimo vya wiki hiyo vinasemaje.