Kiangazi cha Tarangire

Anayetaka kuiona Hifadhi ya Taifa ya Tarangire aende kiangazi, kati ya Julai na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka na vumbi limetanda njia zote. Wapo wanaosubiri mvua ili wakute kijani kibichi. Kijani watakikuta, lakini wanyama wengi watakuwa wameshahama.

Sababu ni maji. Hifadhi hii ya kilomita za mraba 2,850 hivi, kando ya barabara ya Arusha kwenda Dodoma, inapitiwa na Mto Tarangire, ambao hubaki na maji hata madimbwi ya nyanda za jirani yanapokauka kabisa. Basi nyumbu, pundamilia, nyati na tembo wa eneo kubwa hukimbilia hapo. Tembo ndio fahari ya Tarangire. Zima gari ukingoni, utulie. Utawaona wakishuka ukoo mzima, jike mzee ametangulia, ndama wakiwa katikati ya miguu ya wakubwa. Pale maji yaliponywea mchangani, huchimba kwa miguu na mkonga, wakasubiri kisima kijae, ndipo wanywe. Wakishaondoka, wanyama wadogo hunywa hapohapo.

Itazame na mibuyu. Mashina mengi yana makovu, mengine yametobolewa hadi yakawa mapango. Ni kazi ya tembo: ukame ukizidi, huchoma gome kwa pembe, wakaliambua na kutafuna nyuzi za ndani zilizojaa unyevu. Mbuyu huvumilia mengi, kwa kuwa huweza kuotesha gome jipya.

Jambo moja la kujiandaa nalo ni mbung'o. Wanauma kupitia nguo, na rangi ya buluu na nyeusi huwavuta, kwa hiyo vaa khaki.

Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia hutoka hifadhini, wengi wakielekea mashariki, nyanda za Simanjiro. Wanafuata nyasi fupi zenye fosforasi nyingi, madini ambayo majike wanaonyonyesha hawayapati ya kutosha ndani ya hifadhi. Huko ndiko wanakozalia. Ndama wa nyumbu unayemwona mtoni Agosti huenda alizaliwa kwenye ardhi ya kijiji, karibu na ng'ombe wa Wamaasai. Hifadhi haina uzio, na haiwezi kuwa nao ikabaki hai. Kinachonitia hofu ni mashamba na makazi yanayozidi kuibana shoroba ya Kwakuchinja, ambako wanyama hupita kati ya Tarangire na Manyara.

Kijiji cha Terrat, Simanjiro, kilikubaliana na kampuni za utalii kilipwe kila mwaka ili sehemu ya malisho yake isilimwe, mifugo na wanyamapori waendelee kuyatumia pamoja. Kwangu mimi, mkataba wa namna hiyo unailinda Tarangire sawa na askari wake wa doria. Kwa hiyo anayekwenda masika, akitamani kuona ndama wachanga, asiishie langoni. Aombe kupelekwa Simanjiro, na malipo ya kijiji ayatoe kwa moyo mweupe.